Mafundo Thelathini ya Petro Chilumba

Mniwie radhi kwa mwandiko. Naandika nikiwa nimekaa kwenye kigoda kifupi, magoti yamekaribia kidevu, na daftari nimeliweka juu ya paja. Nilipokuwa kazini niliwakaripia wengi wenu makarani kwa herufi zilizolala, na leo za kwangu zimelala kuliko zenu. Anayetaka kucheka acheke sasa hivi, maana huko mbele vya kuchekesha ni vichache.

Wiki tatu zimepita tangu niliporudisha ufunguo wa ofisi ya vipande kwenye shamba letu la mkonge, kule nyuma ya Mitwero. Mliniomba niwaandikie mambo ya kazi. Nani alipanda cheo na nani aliongezwa mshahara hamtayakuta humu; hayo waulizeni waliopanda, watawasimulia bila kuombwa. Mimi nitaandika habari za watu wa kudai madeni, wale wanaokuja kusimama dirishani siku ya malipo, kwa sababu bado wapo, na kwa sababu kwa ajili yao nilimpoteza rafiki.

Nilizaliwa Kilwa Kivinje. Nilifika Lindi miaka michache kabla ya vita vya Hitler, kwa meli ndogo ya pwani, nikitapika njia nzima, na cheti changu cha shule nimekifunga ndani ya leso. Asubuhi ya kwanza shambani nilikuta watu wamejipanga foleni, nami nikajipanga. Mtu aliyekuwa mbele yangu aligeuka, akanitazama kanzu, akanitazama viatu, kisha akanishika mkono na kuugeuza kiganja juu kama anayekagua embe sokoni.

"Ndugu yangu," akasema, "hii ni foleni ya wakataji. Mikono hii saa nne haifiki. Foleni yako ni ile kule, yenye mtu mmoja."

Kweli kule kulikuwa na kiti kimoja tupu. Mtu huyo alikuwa Petro Chilumba, Mmwera wa Rondo, mfupi, mweusi wa kung'aa, mwenye pengo la jino moja la mbele. Tuliandikishwa siku moja, yeye kukata mkonge, mimi kuandika siku za wanaoukata. Tangu siku hiyo kila aliponiona aliniuliza kama mikono yangu haijambo.

Kwa atakayesoma haya bila kuwahi kufanya kazi ya mkonge, nieleze kipande ni nini. Ni kadi yenye vyumba thelathini. Mtu akimaliza kazi ya siku, karani anatia alama kwenye chumba kimoja. Vyumba vikijaa vyote thelathini, mtu analipwa. Visipojaa, halipwi, hata kama amebakiza kimoja. Katika shamba letu nyapara alihesabu mizigo ya kikosi kizima, si ya mtu mmoja mmoja, kwa hiyo kipande ndicho kilikuwa shahidi pekee wa jasho la mtu. Kikipotea, au kikikaa mfukoni mwa mtu mwingine, umefanya kazi bure.

Aliyenifundisha kazi alikuwa karani mkuu, Mzee Mfaume wa Kilwa Masoko. Mungu amrehemu. Alikuwa mrefu, mwenye kikohozi, na hakuwahi kuvua kofia yake ya kitambaa hata siku jua lilipotaka kutuua. Siku ya kwanza alinipa penseli ile ya zambarau, ambayo ukiilowesha kwa mate inaandika kama wino na haifutiki. Nilipotaka kuanza kuandika alininyang'anya.

"Siku tatu hutaandika," akasema. "Simama hapa, mikono nyuma, uwatazame."

"Nitazame nini, mzee?"

"Watu. Jifunze nyuso zao. Kila anayefika dirishani mtazame yeye kwanza, ndipo utazame kipande. Kipande hakikati mkonge."

Nilisimama siku tatu nikiwatazama watu wakirudi alasiri, utomvu wa mkonge umewakauka miguuni, miiba imewachora mapaja. Niliona ni upuuzi. Nilikuwa na cheti, na nimewekwa kusimama kama mlingoti. Siku ya nne alinirudishia penseli, na jioni ulimi wangu ulikuwa wa zambarau kama wake. Huko kambini walituita ndimi za maua. Mke wangu, nilipomwoa baadaye, alisema hata kwenye futari ulimi wangu ulionekana kama nimekula zambarau peke yangu bila kumwachia. Siku hizi mna kalamu za wino na ndimi zenu ni safi. Sijui kwa nini jambo dogo hivi linanitia simanzi.

Penseli zilitolewa kwa mkono mzito, na zilipobaki vipande vifupi vidole vilikataa kuzishika. Chilumba aliona ninavyohangaika. Siku moja ya Jumapili aliniletea kishikizo cha mpingo, kimetobolewa tundu la kuchomekea kipande cha penseli, kimelainishwa vizuri, na pembeni amechonga mkono wa mtu wenye vidole vitano. "Huu ndio mkono wako wa kazi," akasema. "Ule mwingine ni wa kulia wali." Kishikizo hicho nimekitumia mpaka siku niliyostaafu, na ndicho ninachoandikia sasa.

Jumapili tulikaa nje ya kibanda chake kambini, yeye akichonga, mimi nikimsomea barua za wenzake. Alinisimulia Rondo: baridi ya asubuhi, ukungu unaolala juu ya mashamba, na ming'oko, vile viazi vya porini vinavyochimbwa wakati wa njaa na wakati wa hamu vilevile. Mimi mtu wa pwani nilikuwa sijawahi kuvila.

"Utakuja Rondo," alikuwa akisema. "Utakaa kwangu, utakula ming'oko mpaka usahau samaki."

"Nitakuja, nikipata likizo."

"Nitakuchongea na kigoda kabisa, maana wewe mtu wa viti."

Sasa niingie kwenye habari yenyewe. Mjini Lindi kulikuwa na tajiri mmoja ambaye sikuwahi kumwona kwa macho. Alikuwa anakopesha watu wa mashambani, na leseni ya kukopesha hakuwa nayo. Mtu aliyemwakilisha alikuwa Makame, mdai wake, mtu mwenye koti jeusi na mwavuli, mpole kupita kiasi. Hakupiga mtu. Hakutukana. Alikuwa anafika kibandani kwa mdaiwa, anatoa salamu kamili, anauliza hali ya watoto mmoja mmoja, kisha anaondoka na blanketi. Safari moja alichukua sufuria ikiwa na mboga jikoni. Alimwomba mama mwenye nyumba bakuli, akaimimina mboga humo kwa uangalifu mkubwa, akashukuru, akaondoka na sufuria. Safari nyingine alikamata kuku wa mdaiwa, na kumbe kuku ni wa nyapara. Hiyo ndiyo mara pekee niliyomwona Makame akikimbia, na mwavuli wake ulikimbia mbele yake.

Masharti yao yalikuwa hivi: unapewa shilingi kumi leo, unarudisha kumi na tano kipande kikijaa. Mwezi ukiisha kipande hakijajaa, zinaongezwa tano nyingine. Na rehani ilikuwa kipande chenyewe. Makame alikuwa na vipande vya watu arobaini au zaidi, amevitoboa pembeni na kuvitunga kwenye kamba ya mkonge, anatembea navyo kama mtu aliyetoka kuvua. Kila alasiri alikuja navyo dirishani. Mwenye kipande akifika kutoka shambani, Makame alikitoa, Mzee Mfaume alimtazama mtu, akatia alama, na Makame akakirudisha kambani. Mzee hakuupenda mtindo huo hata kidogo, lakini wakati ule hatukujua kama tuna uwezo wa kuukataa, na wadaiwa wenyewe walituomba tusigombane na Makame.

Mwaka mmoja, masika, Chilumba aliugua homa. Alilala siku nyingi, akakosa posho, akakopa. Aliniambia baada ya kukopa, si kabla, kwa sababu alijua ningemkataza. Kipande chake kikaingia kwenye kamba ya Makame.

"Nikishapona nitakijaza mara moja," akasema. "Lazima nikijaze. Martina anatoka."

Martina alikuwa binti yake wa kwanza. Alikuwa ndani, akifundwa unyago, na siku ya kumtoa ilikuwa imeshapangwa, Jumamosi baada ya mwezi na siku kidogo. Kwao Wamwera mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ndiye mwenye sauti. Baba ana mambo machache sana yanayomhusu moja kwa moja, na moja katika hayo, Chilumba aliniambia, ni nguo ya siku ile. Mwali anatoka amevaa nguo mpya aliyoletewa na baba yake, watu wanaiona, na kwa nguo hiyo wanajua kwamba baba yupo.

"Mjomba wake ananidharau," akasema. "Anasema nimeolewa na mkonge. Nikikosa siku hiyo, mtoto atavikwa na mjomba, na mimi nitakuwa mgeni kwangu."

Tulikwenda mjini pamoja tukachagua doti ya kanga dukani, yenye maua mekundu pembezoni. Hakuwa na fedha za kuilipia. Mwenye duka alikubali kuiweka kando. Chilumba aliporudi kambini alikata kamba ya mkonge, akaifunga mlangoni pake, na kila siku aliyomaliza kazi akapiga fundo moja. Hakujua kusoma, lakini kuhesabu hakukosea hata siku moja.

Katika wiki hizo Mzee Mfaume alifiwa na dada yake. Akaenda Kilwa Masoko matangani, akakaa mpaka arobaini. Dirisha akaniachia mimi.

Ninawaeleza haya ninyi makarani kwa sababu kosa langu halikuwa la mtu mwovu. Lilikuwa la mtu anayependa kusifiwa. Foleni ya alasiri ilikuwa ndefu, mvua zilikuwa zinanyesha, bwana meneja alikuwa anapita na saa yake ya mfukoni akiguna. Siku ya pili au ya tatu Makame akanisogelea, akanitolea salamu, akaniuliza hali ya wazazi wangu Kivinje.

"Karani," akasema, "kwa nini tunaloweshana? Chukua kamba yote. Tia alama zote mara moja, unirudishie. Wote wamekwenda kazini, mimi mwenyewe nimewaona."

Nikaichukua. Nikalowesha penseli, nikatia alama arobaini na ushee kwa muda ambao mzee angewatazama watu kumi. Foleni ikapungua nusu. Bwana meneja akatazama saa yake, akanitazama mimi, akasema vizuri sana. Nilikwenda nyumbani nimevimba kichwa. Kesho yake nikafanya vilevile, na keshokutwa.

Chilumba alikuwa akipita mbele ya dirisha kila alasiri, panga begani, matope mpaka magotini. Alikuwa ananiuliza, "Karani, changu umekitia?" Nami nilimjibu bila kuinua kichwa, "Kimo kambani. Usiwe na wasiwasi."

Hakikuwamo kila siku. Makame alikuwa anakichomoa. Siku nyingine alikiacha, siku nyingine alikichomoa, na si chake peke yake, kwa sababu kipande kisichojaa mwisho wa mwezi kilimletea tajiri shilingi tano za ziada. Kwa macho ya karani aliyekuwa anatazama kamba badala ya watu, arobaini na thelathini na nane zinafanana.

Siku ya Alhamisi Chilumba alifika dirishani ameoga, amevaa shati. Mkononi alikuwa na ile kamba yake ya mlangoni. Aliiweka juu ya ubao wa dirisha na kuinyoosha.

"Thelathini," akasema. "Nilipe, Saidi. Nikiondoka sasa hivi nikalala njiani, Jumamosi asubuhi nitakuwa Rondo."

Makame alikuwa pembeni. Alikitoa kipande kambani polepole, akaniwekea mbele. Nikahesabu. Nikahesabu tena. Vyumba ishirini na viwili vilikuwa na alama. Vinane vilikuwa vitupu, vyeupe kabisa.

"Labda homa ilimrudia," Makame akasema kwa upole. "Siku nyingine mtu mgonjwa hudhani alikwenda kazini."

Chilumba hakumtazama. Alinitazama mimi. "Kila siku nilikuuliza. Ukaniambia kimo."

Ningeweza kuchukua penseli nikatia alama nane. Nilikuwa na haki ya kufanya hivyo, maana nilimwona kwa macho yangu akipita kila siku. Lakini bwana meneja alikuwa ndani, meza ya pili, na angeuliza kwa nini alama nane zinatiwa siku moja. Ningelazimika kusema kwamba ile kazi ya haraka aliyoisifu ilikuwa ya kutia alama bila kuona watu. Nilikuwa na miaka ishirini na kitu, nina mchumba Kilwa, na niliogopa. Nikailamba ile penseli nisijue naandika nini. Kisha nikasema maneno ambayo nayasikia mpaka leo.

"Kipande ndicho kinachosema, Petro."

"Wewe uliniona," akasema. Hakupaza sauti. "Kila siku uliniona."

Niliinamia kipande. Nyuma yake watu walikuwa wameanza kusukumana. Akasubiri kidogo, kama mtu aliyempa mwenzake nafasi ya kumeza. Kisha akageuka akaondoka, na kamba yake ya mafundo akaiacha juu ya ubao.

Kwenda mikono mitupu hakuweza. Alirudi kwenye mkonge, akakata siku nane nyingine. Jumamosi ile nilimwona akienda kazini na panga lake begani, na siku hiyo hakuniuliza mikono yangu haijambo. Kipande kilipojaa alilipwa. Makame akachukua chake pamoja na ile tano ya ziada, kilichobaki kilitosha doti na nauli haikuwamo. Akaichukua doti yake dukani, akaondoka kwa miguu. Hakurudi tena kwenye shamba letu.

Mzee Mfaume alirejea wiki hiyohiyo. Alasiri ya kwanza alimkuta Makame amenikabidhi kamba nzima na mimi nalamba penseli. Akanikoholea begani. Nilimweleza yote, hata lile la kusema kipande ndicho kinachosema. Hakunikaripia, na ningefurahi kama angenikaripia. Aliiweka kofia yake sawasawa, akanishika mkono mbele ya watu, akaniingiza kwa bwana meneja, akasema, "Mweleze na yeye." Nikaeleza. Nilikatwa mshahara, na kazi hawakuninyang'anya. Kumbe ndicho tu nilichokuwa nakiogopa, na kilikuwa kidogo hivyo.

Kesho yake mzee alitoa meza nje ya ofisi. Makame alipofika na kamba yake, mzee alinyoosha mkono.

"Vipande hivi ni mali ya shamba. Nipe."

"Mzee wangu, hii ni rehani ya tajiri. Nina haki yake."

"Haki ya nani? Leseni ya kukopesha unayo?"

Makame akatabasamu. "Watu wamekopa kwa hiari yao, mzee."

"Sijakuuliza hiari. Nimekuuliza leseni. Kama huna, twende bomani mimi na wewe, sasa hivi, ukadai mbele ya mkubwa. Mimi nitakubebea mwavuli."

Makame alitazama barabara ya mjini, akaitazama meza, akaiweka ile kamba juu yake taratibu, kama alivyoimimina mboga ya yule mama. Mzee akaikata kwa kisu cha karatasi. Akaita jina la kwanza, akamtazama mwenyewe usoni, akamkabidhi kipande chake mkononi. Ilichukua alasiri nzima. Bwana meneja alitazama saa yake mara nyingi, lakini hakutuzuia.

Sitawadanganya kwamba madeni yaliisha. Makame aliendelea kuzunguka kambini na salamu zake, na baada yake wamekuja wengine wasio na hata salamu. Lakini tangu siku hiyo hakuna kipande kilichopokelewa dirishani kutoka mkono usio wa mwenyewe. Mkiulizwa sharti hili limetoka wapi, limetoka hapo. Mtu akija kwenu analia kwamba anadaiwa, mwulizeni swali la mzee, leseni iko wapi, na msimwache aende bomani peke yake. Wadai wa aina hii wanamwogopa mtu aliyefuatana na mwenzake.

Vita vilikuja vikaisha. Mzee Mfaume alirudi kwao Kilwa Masoko na kikohozi chake, na miaka miwili baadaye tukaletewa habari. Nilikaa kwenye kiti chake, na kwa muda mrefu nilipokuwa naandika nilihisi kama atanikoholea begani. Hata leo natamani anikoholee.

Lakini niliyemkumbuka zaidi ni Chilumba. Nilimkumbuka kuliko nilivyowakumbuka ndugu zangu wa tumbo moja. Kila kundi la watu wa Rondo lilipokuja kuandikishwa, nilizitazama nyuso zote nikitafuta pengo la jino la mbele. Nilikuwa nauliza, "Petro Chilumba hajambo?" Wananijibu yupo, analima, anachonga. Nikatuma salamu. Zikarudi salamu, fupi, mwaka hata mwaka ni zilezile: mwambieni karani ming'oko ipo.

Nilielewa maana yake. Hakuna cha kuelewa hapo, mtu ananiita nyumbani kwake. Na likizo nilikuwa napata. Kila likizo nilikwenda Kilwa. Nilijiambia mwakani, na mwakani nikajiambia mvua, barabara, mtoto anaumwa. Kwa kweli nilikuwa nangoja aje yeye dirishani, anigeuze kiganja, aniulize mikono haijambo, nijue kwamba yamekwisha. Nilingoja hivyo zaidi ya miaka ishirini, na kamba yake ya mafundo nimeiweka kwenye saraka ya meza.

Mwezi wangu wa mwisho kazini, wakati wa palizi, tulikuwa tunaandika wanawake wa kupalilia mkonge. Akafika mama mmoja wa makamo, mfupi, mweusi wa kung'aa.

"Shikamoo."

"Marahaba. Jina?"

"Martina Chilumba."

Wale mliokuwapo ofisini mtakumbuka kwamba nilitoka nje nikaacha foleni. Mlidhani ni joto. Nilimkalisha kwenye benchi la ukutani, nikamwuliza baba yake.

"Tulimzika masika iliyopita," akasema.

Badala ya kumpa pole, nilisema lile nililolibeba miaka yote. "Mama, mimi ndiye niliyekukosesha kanga yako."

"Najua, baba. Alitueleza. Nilitoka nimevaa kanga ya kuazima, ya shangazi wa jirani, kwa sababu mama alikataa ya mjomba. Yeye akafika siku nyingi baadaye, miguu imevimba, na kanga yenye maua mekundu. Nilikuwa mtoto, nikamwambia, umechelewa. Akanivika palepale, juu ya nguo za kulimia."

"Alinisemaje mimi?"

"Alisema kuna rafiki yake pwani ambaye alishikwa na woga. Alisema utakuja. Mama alimwambia nenda wewe, unatoka kila siku kwenda kuuza vinyago vyako, mpaka Lindi unafika. Akasema, hapana, nikienda mimi nitakuwa nimekwenda kumdai. Mwacheni aje mwenyewe."

Kumbe alikuwa anafika Lindi. Alikuwa anafika mjini, mwendo mfupi tu kutoka dirishani kwangu, anauza vinyago vyake anapanda kwao. Mimi nipo dirishani natazama nyuso za watu nikimtafuta, na yeye hataki kusimama pale aliposimama Makame.

Siku saba baada ya kurudisha ufunguo nilipanda lori la kwenda Rondo. Nilikuwa na doti ya kanga ndani ya mkoba, maua mekundu, na ile kamba ya mafundo thelathini. Martina alikuwa amemaliza kipande chake cha kwanza akaja nyumbani kupumzika. Alama zake za mwanzo nilizitia mimi mwenyewe, na kila moja nilimtazama kwanza. Alinipeleka kaburini. Niliifunga ile kamba kwenye msalaba wake wa mti, nikasoma Fatiha, maana nyingine sijui, na Martina akafanya ishara ya msalaba.

Tuliporudi uani nilimpa kanga. Aliifunua, akaitazama maua, akacheka kidogo huku machozi yakimtoka. Aliingia ndani akarudi na sahani ya ming'oko inayofuka moshi, na kwa mkono mwingine amebeba kigoda cha miguu mitatu. Ubao wake umekuwa mweusi kwa kukaa ndani, lakini juu hakijachakaa, hakijakaliwa. Pembeni kimechongwa mkono wa mtu wenye vidole vitano. Alikifuta vumbi kwa ncha ya kanga mpya, akakiweka mbele yangu.

"Na wewe umechelewa, baba," akasema. "Kaa."